Nguo ya Pili Ndiyo Mtihani: Kwa Wanaoanza Ubunifu wa Mavazi

Wiki haipiti bila kijana mmoja au wawili kufika karakanani kwangu, hapa Sinza, Dar es Salaam, wakiwa na daftari la michoro au simu iliyojaa picha za nguo walizozishona wenyewe. Wengi wana mkono mzuri, na wengine wana jicho la rangi ambalo mimi sikuwa nalo nilipokuwa na umri wao. Tukishasalimiana na kupitia picha, swali lao huwa moja: "Dada, nianzie wapi?" Nami, kabla ya kujibu, humwomba mwenye swali achague nguo anayoipenda kuliko zote katika zile picha, kisha namuuliza kama anaweza kuishona tena. Simaanishi nguo inayofanana nayo. Namaanisha ile ile, kwa mwili wa mtu mwingine, wiki ijayo, kwa gharama anayoijua kabla hajashika mkasi. Wengi hunyamaza, na ukimya huo naufahamu vizuri, kwa sababu ndio niliokuwa nao mimi siku nilipoulizwa jambo hilo hilo na mteja.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili tangu nikodi chumba cha kushonea. Nilikuwa nimeonesha mavazi manane katika onesho dogo, na gauni moja la kitenge cha bluu, lenye mikono mipana na marinda yaliyoanzia chini kidogo ya kiuno, lilipigiwa makofi kuliko mengine yote. Siku chache baadaye alikuja mama mmoja aliyekuwa akiandaa harusi ya mwanawe. Alitaka gauni lile lile kwa wanawake 14 wa upande wao, naye akalipa nusu ya fedha papo hapo. Nilimshukuru, nikampa tarehe, kisha nikaingia ndani na kulitazama lile gauni kama mtu aliyesahau alikoweka funguo. Sikuwa na patani yake, yaani vile vipande vya karatasi vinavyofuatishwa wakati wa kukata. Nilikuwa nimelikata moja kwa moja juu ya kitambaa, nikilipunguza hapa na kulibana pale hadi likakaa vizuri kwa msichana aliyelivaa jukwaani, na katika hatua zote hizo sikuandika hata kipimo kimoja.

Niliporudi Kariakoo, katika duka la Mtaa wa Uhuru nilikonunua kile kitenge, zilikuwa zimebaki doti tisa. Mwenye duka alinihakikishia kwamba mzigo mwingine wa nakshi ile ile ungefika baada ya siku kumi, na kweli ulifika, ila bluu yake ilikuwa imeegemea zambarau. Ukiutazama peke yake huoni kasoro yoyote. Ukiuweka kando ya ule wa kwanza, hata mtoto anaona. Muda ulikuwa umekwisha, hivyo nikashona magauni tisa kwa kitambaa cha zamani na matano kwa kipya. Katika picha za harusi ile wanawake wa familia moja walisimama kama familia mbili zilizokutana kituoni. Yule mama hakunifokea, jambo ambalo liliniumiza zaidi, ila hakurudi tena, na sikumlaumu.

Tangu hapo nimeamini kwamba anayeanza kazi hii anapaswa kujipima kwa nguo yake ya pili. Mengine yote ninayowaambia vijana wanaokuja hapa yanatoka katika imani hiyo.

Jambo la kwanza ni patani. Kukata moja kwa moja kwenye kitambaa ni ufundi mkubwa, nami nawaheshimu mafundi wetu wanaoweza kutazama mwili wa mtu, kuchora mistari mitatu kwa chaki na kutoa suti inayomkaa. Nilipokuwa nikijifunza, nilikaa miezi mingi kwenye kibaraza cha mzee mmoja aliyeshona kanzu na makoti, ambaye sikuwahi kumwona akitumia karatasi. Siku moja nilimuuliza mbona haandiki vipimo vyake popote. Akacheka, akaniambia, "Mwanangu, mimi nikifa kazi inakufa na mimi. Wewe unataka iwe hivyo?" Alisema kwa mzaha, lakini ndiyo tofauti iliyopo kati ya fundi anayemshonea mtu mmoja aliye mbele yake na mbunifu anayetaka mtindo wake uvaliwe na watu asiowajua. Fundi anaweza kuubeba ujuzi wake kichwani, ilhali mbunifu lazima auweke mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuusoma.

Kwa hiyo, kila mtindo ninaoutengeneza sasa huanza kwa karatasi ya kaki. Ninapokuwa na hakika nao, nauhamishia kwenye manila ngumu, natoboa tundu juu, naandika namba ya mtindo, saizi, tarehe, idadi ya vipande na nafasi ya mshono, kisha nautundika. Nguo ya majaribio naishona kwa marekani, kile kitambaa cheupe kisichopaushwa ambacho mabibi zetu walikijua vizuri, na ambacho kilipata jina hilo kwa sababu wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walikileta Zanzibar kwa majora katika karne ya 19. Marekani ni rahisi, haitelezi, na inakubali kuchorwa kwa kalamu. Irekebishe mvaaji akiwa ndani yake, chora juu yake, ifumue, kisha uhamishie marekebisho kwenye karatasi. Kijana akiniambia kwamba hana fedha za kupoteza kwenye nguo ya majaribio, namwambia kwamba atazipoteza tu, tofauti ni kama atazipoteza kwenye kitambaa rahisi au kwenye kitambaa cha mteja.

Suala la saizi linahitaji uvumilivu zaidi kuliko kipaji. Majedwali ya saizi yanayopatikana mtandaoni yametokana na vipimo vya watu wa nchi nyingine, na ukiyafuata kama yalivyo utakuta gauni linapwaya kiunoni na kugoma kwenye nyonga. Mimi nilianza kujitengenezea jedwali langu kutoka kwenye daftari la wateja: kifua, kiuno, nyonga, upana wa mabega, urefu kutoka begani hadi kiunoni, urefu wa mkono na mzunguko wa mkono wa juu. Nilipofikisha wateja wapatao 200 niliona dhahiri kwamba tofauti kati ya kiuno na nyonga za wateja wangu ni kubwa kuliko ile iliyo kwenye majedwali ya kigeni, na kwamba mkono wa juu ndio unaolalamikiwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Sasa huongeza sentimita 4 kifuani, kiunoni na kwenye nyonga kwa kila saizi, na sehemu ya mkono naiachia nafasi zaidi ya ile ambayo jedwali la kigeni lingenielekeza. Daftari lako linaweza kukuambia jambo tofauti, kwa kuwa wateja wako si wangu. La msingi ni kuandika, na kuandika pamoja na tarehe, maana miili hubadilika na mteja huapa kwamba haijabadilika.

Naomba nikae kidogo kwenye kitambaa, kwa sababu hapo ndipo wanaoanza hupoteza fedha nyingi zaidi, na ni mahali ambapo shule nyingi hupita haraka.

Nchi yetu inalima pamba, hasa katika mikoa ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza, lakini sehemu kubwa ya pamba hiyo husafirishwa nje kabla haijasokotwa kuwa uzi. Viwanda vya nguo kama Urafiki, kilichojengwa Ubungo mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa msaada wa China, viliwahi kuwa fahari ya kila kabati la khanga, lakini leo vitenge vingi vinavyotundikwa Kariakoo vimetoka ng'ambo. Kwa mbunifu, maana yake ni moja: kitambaa unachokipenda leo huenda usikione tena. Muuzaji haagizi nakshi kwa ajili yako. Anachukua kilichokuja kwenye kontena. Kwa hiyo, ukitaka mtindo wako uweze kurudiwa, una njia mbili. Ama ununue kitambaa cha kutosha idadi nzima unayokusudia kushona kabla hujaonesha nguo ya kwanza, ama ubuni mtindo ambao uzuri wake hautegemei nakshi moja. Njia ya pili ni ngumu zaidi na ndiyo ninayoipendekeza. Gauni linalopendeza kwa sababu ya kitenge tu ni kazi ya aliyechora kitenge.

Jifunze kukipima kitambaa kwa mikono yako kabla ya kuamini maneno ya dukani. Kigeuze: kitenge cha waksi huwa na rangi sawa pande zote mbili, ilhali kile cha kuchapwa kwa bei nafuu huwa kimefifia upande wa nyuma. Lowesha kitambaa cheupe, kisugue juu ya kitenge, uone kama rangi inatoka. Omba nyuzi mbili tatu kutoka ukingoni, uziwashe kwa kiberiti: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, lakini poliesta huyeyuka, hunuka plastiki na kuacha kidonge kigumu. Si kwamba poliesta ni haramu. Ina kazi zake, na marinda yake hudumu. Lakini ukimvisha mtu gauni refu la poliesta lenye bitana ya poliesta katika ukumbi usio na feni, mwezi wa Februari, Dar es Salaam, hatakumbuka mshono wako. Atakumbuka jasho.

Pamba nayo ina ujanja wake, nao ni kusinyaa. Loweka na kausha kitambaa cha pamba kabla ya kukikata, hata kama mteja anakuharakisha. Nilijifunza hili kwa suruali sita ambazo zilitoka kwangu zikigusa kiatu na kurudi baada ya kufuliwa zikiwa juu ya kifundo cha mguu.

Kisha kuna mwelekeo wa nakshi. Kitenge chenye ndege, miti au taa kina juu na chini, na ukikikunja ili uokoe nusu yadi utatoa gauni ambalo mbele ndege wanaruka na nyuma wanaanguka. Nakshi kubwa ya duara nayo ichunguzwe kabla ya kukata, maana huwa inatafuta kifua na makalio kana kwamba imetumwa. Tandika patani zote juu ya kitambaa, simama mbali, tazama, ndipo ushike mkasi. Dakika kumi zinatosha.

Khanga ina sheria zake peke yake. Kipande kimoja kina upana wa sentimita 110 hivi na urefu wa sentimita 150 hivi, kina pindo kuzunguka pande zote, kina mji katikati, na kina jina. Anayekata khanga kama anavyokata kitenge huishia na vipande vya pindo vinavyokutana vibaya ubavuni. Lakini kosa langu mimi lilikuwa kwenye jina. Mteja mmoja, mke mpya kabisa, aliniletea doti ya khanga nyekundu na nyeusi nimshonee gauni, nami nikafurahia jinsi maandishi yalivyokaa sawasawa juu ya nyonga, nyuma. Sikuyasoma kwa kuyazingatia. Kwangu yalikuwa mstari mzuri tu wa herufi. Yeye naye alijitazama kwa mbele kwenye kioo, akaridhika, akaenda nalo kumsalimia mama mkwe wake. Yaliandikwa "Hasidi hana sababu." Namna alivyopokewa ukweni nilisimuliwa baadaye, kwa simu, na sitaieleza hapa. Msomaji wa Kiswahili anajua kwamba khanga husema, na mbunifu anayeikata anakuwa amechagua maneno ya mvaaji, pamoja na sehemu ya mwili yatakapotokea.

Kuhusu shule, ninaulizwa sana kama ni lazima. Kozi za ushonaji na ubunifu wa mavazi zipo katika vyuo vya ufundi vya VETA na katika vyuo kadhaa binafsi, nazo zinafaa, hasa kwa mtu ambaye hajawahi kukaa mbele ya cherehani ya umeme. Hata hivyo, kuna mwalimu mwingine anayepatikana kwa fedha kidogo. Nenda Karume, Ilala, asubuhi belo zinapofunguliwa, tafuta koti la mtumba lililoshonwa vizuri, hata kama limepasuka au lina doa, na usilivae. Lifumue. Anza na bitana, uone ilivyoshikizwa bila uzi kuonekana kwa nje. Fumua ukosi uone tabaka la gamu stifu, kile kitambaa cha kukazia, lilivyokatwa dogo kuliko kitambaa cha juu ili lisitengeneze uvimbe. Tazama jinsi bega lilivyojengwa. Tandaza vipande vyote mezani, vichore kwenye karatasi, halafu ujaribu kulirudisha koti lilivyokuwa. Nililifanya zoezi hilo kwa makoti matatu, na la tatu nikalivaa miaka minne.

Wapo wanaoniambia kwamba mitumba ndiyo inayotuua, na kwamba ingepigwa marufuku sote tungepata wateja. Wana hoja, kwa sababu hakuna karakana inayoweza kushindana kwa bei na shati la mtumba. Lakini mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua hadi ifikapo 2019, na tuliona yaliyotokea: Marekani ikatishia kuondoa nafuu za AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, nchi nyingine zikalegeza msimamo, Rwanda peke yake ikashikilia ushuru wake wa juu, na mwaka 2018 nguo za Rwanda zikasimamishiwa nafuu hiyo katika soko la Marekani. Usiijenge biashara yako juu ya marufuku ambayo haijafika. Mteja wa mtumba anatafuta bei. Wako anatafuta nguo iliyokatwa kwa mwili wake au kwa shughuli yake, na hao ni watu wawili hata kama wakati mwingine ni mtu yule yule.

Sasa hesabu. Nitatoa yangu mwenyewe, ya lile gauni la bluu, kwa sababu najua vijana wengi wanaipiga kama nilivyoipiga mimi. Kitambaa kiligharimu shilingi 24,000, bitana yadi mbili 6,000, zipu 1,000, gamu stifu na uzi 2,000, jumla 33,000. Mshonaji nilimlipa 15,000. Niliuza kwa 65,000, nikaamini kwamba napata 17,000 kwa kila gauni. Nilikuwa sijahesabu overloki, yaani kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, na pasi, ambazo kwa wakati ule nilimlipa jirani 2,000. Sikuhesabu lebo na mfuko, 2,000 nyingine. Na sikuhesabu chumba: kodi na umeme vilikuwa 360,000 kwa mwezi, nami nilitoa nguo kama 40, yaani 9,000 kwa kila nguo. Ukijumlisha vyote, gauni lilinigharimu 61,000. Faida yangu ilikuwa shilingi 4,000, na katika hizo sijajilipa mimi niliyebuni, niliyekata, niliyekwenda Kariakoo kwa daladala na kurudi na mzigo kichwani.

Halafu duka moja la mavazi likaniomba nipeleke magauni kumi kwao kwa mali kauli, yaani nilipwe yakishauzwa, wakichukua asilimia 30 ya bei. Nilikubali kwa furaha, kwa bei ile ile ya 65,000. Kila gauni lililouzwa liliniletea 45,500, maana yake nilikuwa nikipoteza 15,500 kila mara mteja alipotoka dukani akitabasamu. Magauni yote kumi yaliuzwa. Nilisherehekea.

Leo naanza na bei ambayo inaweza kubeba kamisheni ya duka. Kwa gauni lile, kwa gharama za wakati ule, ilipaswa kuwa 110,000: duka lingechukua 33,000, mimi ningepata 77,000, na baada ya gharama zingebaki 16,000. Ukiona kwamba soko haliwezi kulipa bei hiyo, usipunguze malipo ya mshonaji. Rudi kwenye mchoro. Ondoa bitana mahali ambapo haihitajiki, punguza idadi ya vipande, badilisha zipu iliyofichwa kwa vifungo. Kupunguza gharama kwa kalamu kabla ya kukata nako ni ubunifu, hata kama hakupigiwi makofi.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Cherehani moja imara inatosha kuanzia, hata ile ya kukanyaga, mradi mshono wake umenyooka na inatengenezeka mtaani. Overloki inaweza kusubiri ikiwa jirani anayo. Pasi nzito haiwezi kusubiri, wala meza ya kukatia inayokufikia kiunoni. Mgongo wako ndio mtaji ambao hakuna benki inayoukopesha. Mkasi wa kitambaa usikate karatasi, na kama unaishi na watoto, ufiche.

Kwa malipo ya wateja, chukua nusu ya fedha kabla ya kukata, andika tarehe ya kujaribu na tarehe ya kuchukua, na uziheshimu. Mafundi tumejijengea sifa ya "njoo kesho" kiasi kwamba ukitimiza ahadi mara mbili mfululizo mteja huenda kuwasimulia wenzake kama muujiza. Karibu na Idi, Krismasi na miezi ya harusi, funga kupokea kazi mapema kuliko moyo unavyotaka. Kazi 60 za usiku wa kuamkia Idi si baraka ikiwa una mikono minne.

Jukwaa lina nafasi yake, na sitaki nionekane nalibeza. Swahili Fashion Week, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2008 na Mustafa Hassanali, mtu aliyesomea udaktari kabla ya kugeukia mavazi, imewapa wabunifu wengi wa ukanda huu mahali pa kuonekana ambapo hapo awali hapakuwepo. Lakini tazama waliodumu. KikoRomeo, chapa ya mavazi ya Nairobi ambayo Ann McCreath aliianzisha mwaka 1996, na ambayo jina lake humfanya kila msomaji wa Kiswahili ajishike koo, haijadumu miaka yote hiyo kwa makofi ya usiku mmoja. Imedumu kwa sababu kuna nguo za kununua asubuhi inayofuata. Kabla hujapanda jukwaani, hakikisha kwamba walau mitindo mitatu kati ya uliyoiandaa ina patani kamili, ina kitambaa cha kutosha nguo kumi na ina bei uliyokwisha kuikokotoa. Mingine iwe ya kufurahisha macho. Mimi nilipanda na mavazi manane yasiyo na patani hata moja, na matokeo yake nimeyaeleza.

Mambo ya usajili yanachosha lakini si marefu. Jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao, namba ya mlipakodi hutolewa na TRA, na leseni huipata kwenye halmashauri. Wengi wanadhani kwamba wakishasajili jina la biashara wamelilinda, na sivyo. Ulinzi wa jina na nembo hutokana na alama ya biashara, ambayo husajiliwa kivyake, hudumu miaka 7 mwanzoni na kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Usajili huo wa Bara hauvuki maji. Ukiuza Zanzibar, una usajili wake huko. Kuhusu mtindo wenyewe kuigwa, sina dawa. Gauni likipendwa mtandaoni Jumatatu, kufikia Jumamosi limetundikwa Mtaa wa Congo, Kariakoo, kwa nusu ya bei. Nimewahi kugombana, nikapoteza siku nzima na sauti yangu. Anayeiga anaona nguo kwa nje tu. Ile nafasi ya mkono wa juu, niliyoijua kutokana na daftari la wateja 200, haionekani pichani.

Mtaji wa kwanza, kwa walio wengi, ni akiba na ndugu. Kwa walio katika vikundi, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ukiomba, nenda na ile hesabu ya nguo moja iliyoandikwa vizuri, kwa sababu afisa anayesoma maombi hajui marinda lakini anajua kutoa na kujumlisha.

Mwezi uliopita aliingia karakanani msichana mmoja akiwa na picha kwenye simu. Alikuwa ameipata kwa rafiki yake, na ndani yake kulikuwa na lile gauni la bluu, lenye mikono mipana na marinda chini ya kiuno. Aliuliza kama bado ninalishona. Nilinyoosha mkono ukutani, nikashusha manila yenye namba 003, ambayo niliichora upya baada ya ile harusi kwa kulifumua gauni la onesho lenyewe, kipande kwa kipande. Nikampima, akawa kati ya saizi mbili. Kitenge kile hakipo tena sokoni, kwa hiyo tulichagua kitani cha rangi ya udongo, kisicho na nakshi yoyote. Alilichukua Ijumaa, siku niliyomwandikia.